Luigi Galvani, mtu mwenye jina juu ya mabati yetu



Ukienda sokoni kununua manjanja ya kuezeka nyumba, muuzaji atakuuliza kama unataka ya kawaida ao ya galvanize. Ya galvanize ni bati iliyovalishwa ngozi ya zinki ili kutu isiikule. Tunatamka neno hili kila mara, lakini ni wachache wanaojua kama ni jina la mtu. Mtu mwenyewe ni Luigi Galvani, munganga wa Italia aliyekufa mwaka 1798. Yeye hakuwa mtu wa mabati. Kazi yake ilikuwa kutafuta ni nguvu gani inayopita ndani ya mishipa ya fahamu, ile wanganga wanaita neva, mpaka mguu unatembea na mkono unashika.

Tunaeleza maisha yake leo juu ya jambo moja linalotusumbua ku sindika. Wanatufikia wazee, na hata watu wangali na nguvu, wenye ugonjwa wa sukari. Wanasema nyayo zinawaka moto usiku, zinachomwa sawa na sindano, hata shuka ikigusa kidole mtu anaruka. Ukitazama mguu, hakuna kidonda, hakuna uvimbe. Basi ku kazi kapita anasema huyu ni mvivu, anatafuta karatasi ya mapumziko. Ku nyumba jamaa inasema amelogwa. Tulimwona mzee mmoja, amefanya miaka zaidi ya 20 chini ya ardhi, analia mbele ya watoto wake. Maumivu yalikuwa makali, lakini kilichomliza zaidi ni kuona hakuna anayemwamini. Maisha ya Galvani yanatusaidia kujibu wale wanaosema kama hakuna kidonda, hakuna maumivu.

Galvani alizaliwa tarehe 9 Septemba 1737 mu mji wa Bologna, kaskazini ya Italia. Wakati ule Italia haikuwa inchi moja. Bologna ilikuwa chini ya utawala wa Papa wa Roma. Baba yake alikuwa mfua dhahabu, mtu wa mikono na wa madini. Kijana Luigi alipenda sana mambo ya Mungu, akawaza kuingia utawa, lakini jamaa yake ikamwelekeza ku masomo ya uganga. Mwaka 1759 akamaliza ku universite ya mji wake. Kisha akaoa Lucia Galeazzi, binti ya profesa aliyekuwa anaheshimiwa sana ku Bologna.

Tusipite mbio juu ya mama huyu. Lucia alikuwa na elimu, alimsaidia bwana wake mu majaribio na mu maandiko. Hawakupata mtoto. Nyumba yao ilikuwa pia chumba cha kazi: vyombo, vyura, mashine ya umeme, na watu wa jamaa wakisaidia. Galvani alifundisha namna mwili wa mtu ulivyojengwa, alitibu wagonjwa, na kutoka mwaka 1782 alifundisha pia uzazi, maana yake namna ya kuwasaidia wamama wanaojifungua.

Mu siku zile hakukuwa na betri, wala waya wa umeme mu nyumba. Kulikuwa paka mashine ya kuzungusha kwa mkono, inayosugua kioo mpaka cheche inatoka. Watu walijua pia kama radi ni umeme. Lakini namna gani mwili unatembea, hakuna aliyekuwa na jibu la hakika. Wengine walifikiri kuna kitu sawa na pepo ao maji mepesi kinachopita ndani ya neva.

Mwanzoni mwa miaka ya 1780 jambo likatokea juu ya meza yake. Kulikuwa miguu ya chura iliyokwisha kupasuliwa, neva yake ikiwa wazi. Msaidizi mmoja akagusa neva kwa ncha ya kisu, na wakati uleule mashine ya umeme, isiyogusana na chura, ikatoa cheche. Miguu ya chura mfu ikaruka. Mtu mwingine angecheka na kuendelea na kazi. Galvani akarudilia jambo hilo mara mingi sana, kwa miaka, akibadilisha kitu kimoja kimoja, akiandika kila siku alichoona.

Mwaka 1786 akataka kujua kama umeme wa mawingu unafanya vilevile. Akatundika miguu ya vyura kwa ndoana za shaba ku balkoni, penye uzio wa chuma. Wakati wa radi miguu iliruka, sawa alivyotazamia. Lakini siku nyingine mbingu ilikuwa safi kabisa, na alipokandamiza ndoana juu ya chuma, miguu ikaruka tena. Shaba, chuma, na neva ya chura: vitu hivi vitatu vilitosha, bila radi na bila mashine.

Galvani akatoa maelezo yake: umeme uko ndani ya mwili wenyewe, umewekwa akiba mu nyama, na metali inaufungulia tu njia ya kupita. Kisha Lucia akafariki. Galvani alihuzunika sana. Mwaka 1791 akatoa kitabu chake kwa lugha ya Kilatini juu ya nguvu za umeme mu mwendo wa nyama za mwili. Kitabu kikazunguka Ulaya yote, na watu wa elimu mu miji mingi wakaanza kujaribu wenyewe.

Mmoja aliyekisoma ni Alessandro Volta, profesa ku Pavia, Mwitalia kama yeye. Kwanza alikubali. Kisha akageuka. Volta alisema umeme hautoki mu chura hata kidogo, unatoka mu metali mbili tofauti zinazogusana penye unyevu, na chura anaonyesha tu kama umeme umepita. Ugomvi huu wa elimu ulidumu miaka. Ulikuwa ugomvi wa heshima, bila matusi, lakini kila mmoja alisimama pake.

Galvani hakujibu kwa maneno matupu. Mwaka 1794 ukatoka uchunguzi usio na jina la mwandishi, ambao watu wanahesabu kuwa wake, ukionyesha kama nyama ya chura inaweza kuruka bila metali yoyote, neva ikigusishwa ku nyama moja kwa moja. Mwaka 1797 akaenda mbali zaidi: akagusisha neva na neva, na miguu ikaruka. Hapo hakukuwa shaba wala chuma wala zinki. Nguvu ilitoka mu mwili.

Katikati ya majaribio hayo, mwaka 1795, alisafiri mpaka kando ya bahari ya Adria kuchunguza samaki mwenye umeme anayeitwa torpedo. Sisi wa Congo hatushangai: mu mito yetu kuna kambale wa umeme, anayetetemesha mkono wa mvuvi mpaka anaacha wavu. Na samaki wa namna hii wana historia ya kitambo mu uganga. Mu karne ya kwanza munganga wa Roma, Scribonius Largus, aliandika dawa ya maumivu ya miguu: mgonjwa asimame penye mchanga wenye maji ku kando ya bahari, torpedo akiwa chini ya unyayo, mpaka mguu ufe ganzi kufikia magoti. Mbele ya watu kujua umeme ni nini, walikwisha kuona kama unaweza kunyamazisha maumivu ya mguu.

Sasa tufikie sehemu inayotugusa sisi wa sindika. Mwaka 1796 majeshi ya Ufaransa chini ya Bonaparte yaliingia Bologna, na utawala wa Papa ukaanguka pale. Serikali mpya ikaanzishwa, ikaagiza kila mwalimu wa universite aape kiapo cha utii. Galvani akaona kiapo hicho kinapigana na imani yake. Akakataa. Aprili 1798 wakamwondoa ku kazi zote, mushahara ukakatwa. Alikuwa mjane wa miaka 60, mwenye jina Ulaya nzima, na hakuwa na njia ya kula. Akarudi ku nyumba ya jamaa yake, kwa ndugu yake.

Hatusemi hapa kama serikali ile ilikuwa mbaya ao Papa alikuwa mzuri, hiyo si kazi yetu leo. Tunasema tu kama mtu huyu angeweza kusema maneno mawili matatu mbele ya karani na kubaki na mushahara wake, na hakufanya. Wengi kati yetu tumewekewa karatasi mbele yetu na kuambiwa tie sahihi ao upoteze kazi. Tunajua uzito wake. Baadaye wakubwa wakaona haya, wakakubali arudishiwe nafasi yake bila kiapo, juu ya sifa yake. Lakini ilikuwa kuchelewa. Galvani alikufa tarehe 4 Desemba 1798, mbele ya kurudi ku kazi.

Mwaka 1800 Volta akaonyesha kitu kipya: visahani vya zinki na vya fedha ao shaba, vimepangwa kimoja juu ya kingine, katikati kitambaa ao karatasi nzito yenye maji ya chumvi. Umeme ukatoka bila kukoma. Hiyo ndiyo betri ya kwanza ya dunia. Bonaparte akamheshimu sana Volta, na mpaka leo jina lake liko mu neno volti tunalosoma juu ya kila betri ya radio. Watu wengi wakasema basi Volta ameshinda, Galvani alipotea.

Hata hivyo Galvani hakupotea. Miaka karibu 40 na kitu kisha kifo chake, Emil du Bois-Reymond ku Berlin alipima kwa chombo umeme unaopita ndani ya neva na nyama. Ikajulikana kama wote wawili walikuwa na haki: metali mbili tofauti zinatoa umeme, na mwili nao unatoa umeme wake. Kila wazo, kila mwendo, kila maumivu yanasafiri mu neva kwa ishara ndogo za umeme.

Hapa ndipo tunarudilia yule mzee aliyelia. Sukari ikibaki juu mu damu kwa miaka, inaharibu neva na mishipa midogo ya damu inayozilisha. Neva ndefu zaidi ndizo zinazoumia kwanza, na ndefu kupita zote ni zile zinazotoka mu mgongo wa chini mpaka ku vidole vya miguu, karibu metre moja. Ndiyo maana moto unaanza ku nyayo, unapanda polepole sawa na soksi. Neva iliyoharibika inatuma ishara ya maumivu hata kama hakuna kitu kinachougusa mguu. Ni sawa na kengele ya hatari mu mgodi yenye waya mbovu: inalia usiku kucha, na hakuna moto wala mwamba ulioanguka. Kidonda hakionekani kwa sababu waya wenyewe ndio unaougua. Mtu huyu hasemi uongo, na jirani yake hakumloga.

Mu siku zetu kuna dawa moja inayounganisha Galvani na Volta mu mwili wa mtu mmoja. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kama ndani ya uti wa mgongo kuna sawa na mlango, na ishara za maumivu zinaweza kuzuiwa pale zisifike ku kichwa. Mwaka 1967 munganga wa Marekani, Norman Shealy, akaweka chombo cha kwanza cha umeme ku uti wa mgongo wa mgonjwa mwenye maumivu makali. Leo chombo hicho kimekuwa kidogo: nyaya nyembamba zinalazwa nyuma ya uti wa mgongo, na kisanduku chenye betri kinawekwa chini ya ngozi, ku mgongo ao juu ya tako. Kisanduku kinatuma umeme mdogo sana usiku na mchana. Mbele ya kukipanda, mgonjwa anajaribu kwanza siku chache, nyaya ndani na kisanduku nje, ili kuona kama kitamsaidia.

Mwaka 2021 serikali ya Marekani ilikubali chombo cha namna hii kitumiwe kwa maumivu ya neva ya sukari, kwa wale ambao vidonge vimeshindwa. Mu uchunguzi mmoja wa wagonjwa 216 wa kule, zaidi ya robo tatu ya waliowekewa walisema maumivu yamepungua nusu ao zaidi. Wale walioendelea na dawa za kawaida tu, walikuwa wachache sana waliopata nafuu ya namna ile. Tuseme pia kama uchunguzi huo ulilipwa na kampuni inayotengeneza chombo, na kama wagonjwa wengine walipata ambukizo mahali palipopasuliwa. Tena chombo hiki hakiponyi sukari. Kinanyamazisha kengele, hakitengenezi waya.

Na bei yake ni maelfu na maelfu ya dola, pamoja na chumba cha operesheni na wanganga waliofunzwa. Mfuko wa mchimbaji haufiki. Hili linatuuma, hatulifichi. Chura wa Galvani aliruka juu ya shaba. Betri ya Volta ilisimama juu ya zinki. Betri za kuchaji za dunia nyingi zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Congo. Vitu hivi vyote vinapita mu mikono yetu. Lakini mtu wa kwetu mwenye miguu inayowaka anaambiwa ni mvivu.

Tuangalie pia tusidanganywe. Kisha Galvani kufa, mpwa wake Giovanni Aldini alizunguka Ulaya akionyesha maajabu ya umeme. Mwaka 1803 ku London alitia umeme mu maiti ya mtu aliyenyongwa, taya na mikono ikatikisika, watu wakashangaa. Wafanyabiashara wakafuata, wakauza mishipi na mashine za umeme za kuponya kila ugonjwa. Hata leo mtu anaweza kukuletea sokoni kifaa cha kuponya sukari kwa umeme. Usitoe feza yako. Na mtu asijaribu hata siku moja kugusisha mguu wake ku waya wa nyumba. Huo si uganga, ni kifo.

Basi tunaweza kufanya nini sasa? Kwanza, mtu anayesikia moto, sindano ao ganzi ku nyayo aende kupimwa sukari, kwa sababu wengine wanajua ugonjwa wao kwa njia hiyo tu. Pili, sukari ikisimamiwa vizuri, neva zinaharibika polepole zaidi. Tatu, kuna vidonge vya kitambo vya bei ndogo, sawa amitriptilini, ambavyo munganga anaweza kuandika kwa maumivu ya neva. Usijinunulie mwenyewe, umuulize. Nne, kila jioni ukivua mabote tazama nyayo zote mbili, tumia kioo ao mwite mtoto akutazamie. Jiwe dogo ndani ya bote linaweza kutoboa mguu wenye ganzi usisikie kitu, na kidonda kikioza mguu unakatwa. Mu baridi ya Juni na Julai usiote miguu karibu na mbabula: mguu usiosikia unaungua bila wewe kujua. Wamama, mkiona mzee anaacha viatu vyake penye moto na miguu ndani, mumwondoe.

Na sisi ku sindika tuna deni letu. Kipimo cha sukari kiingie mu uchunguzi wa afya wa kila mwaka. Mtu mwenye neva zilizoumia apewe mabote yanayomwenea na kazi ya juu, na karatasi ya munganga iheshimiwe hata kama mguu unaonekana mzima. Wakubwa wakituuliza kidonda kiko wapi, tutawaeleza habari ya chura wa Bologna. Na yule mzee wetu tumekwisha kumpeleka kupimwa. Wamekuta sukari yake iko juu sana, ameanza dawa, na watoto wake wanamtazamia nyayo kila jioni.